John Boyd Dunlop: Daktari wa Mifugo Aliyelitia Gurudumu Upepo

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Mwaka huu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alituagiza sisi wa Kidato cha Tatu kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki dunia. Wenzangu waliwahi majina makubwa mbio mbio. Mmoja alimchukua Shaaban Robert, mwingine Mekatilili wa Menza, na wawili karibu wapigane kwa ajili ya Dedan Kimathi. Mimi nilipotaja jina la Dunlop, darasa zima liliangua kicheko. Yuko aliyeuliza kama nataka kuandika maisha ya tairi. Sikukasirika. Hebu niwaeleze kwa nini nilimchagua, kisha mtaamua wenyewe kama nilikosea.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kutoka kwetu hadi hapa shuleni ni kilomita tisa za vumbi jekundu, na nyote mnaijua ardhi yetu hii ya Voi: migunga upande huu, mbigili upande ule, na kule ng'ambo mbuga ya Tsavo. Kwa miguu natumia saa mbili kasorobo. Kwa baiskeli ni dakika arobaini na tano hivi. Saa hiyo moja ninayookoa si jambo la mchezo, maana jua likizama ndovu huvuka barabara kwenda kutafuta maji, na msichana anayetembea peke yake gizani hana mtetezi ila Mungu. Ndiyo maana mjomba aliponipa baiskeli yake kuukuu, ile nyeusi nzito ambayo watu huiita Black Mamba, mama yangu alitokwa na machozi ya furaha.

Lakini furaha ile haikudumu. Asubuhi ya mtihani wa insha wa muhula wa pili, nikiwa nimebakiza kilomita tano, nilisikia psss! Tairi la nyuma lilikuwa jipya kabisa. Nililinunua wiki tatu kabla katika duka fulani, na sababu ya kulichagua ilikuwa moja tu: bei yake ilikuwa chini kuliko yote. Basi nilishuka, nikatoa tyubu, nikaweka kiraka, nikajaza upepo, nikapanda. Sikufika mbali, psss nyingine, tena mahali pale pale. Nilikuwa nimekwisha kiraka na gundi. Niliisukuma Mamba kwa miguu hadi shuleni, jasho likinitiririka, na nilipofika wenzangu walikuwa wamekwisha kuandika kwa dakika hamsini. Alama nilizopata sitazitaja hapa, kwa sababu mama yangu pia husoma jarida hili.

Jioni ile baba alitoa uamuzi. Alisema nikilala njiani mara moja zaidi, baiskeli itauzwa, nami nitahamia mjini kwa shangazi. Shangazi ananipenda, lakini ana watoto sita na chumba kimoja, na sijui ningesomea wapi.

Basi Jumamosi nilikwenda kwa fundi wetu wa baiskeli, mzee anayefanyia kazi chini ya mwarobaini karibu na kituo cha matatu. Nilimwamkia, nikamwomba aniuzie tairi lisilopata pancha hata siku moja. Babu yule alicheka mpaka akakohoa. Akanionyesha gurudumu dogo la baiskeli ya mtoto, lenye tairi la mpira mtupu, halina tyubu wala hewa. Akaniambia hilo ndilo tairi nililoliomba, na kwamba watu wazima walipanda matairi ya namna hiyo zamani, mpaka daktari mmoja wa mifugo aitwaye Dunlop alipowaokoa. Nilidhani ananitania. Nilikuwa nikiliona jina hilo ubavuni mwa matairi tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kuwa lilikuwa la binadamu aliyetibu farasi. Nilikwenda maktabani, nikamsumbua mwalimu wa Fizikia, na haya ndiyo niliyoyapata.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, jimbo la Ayrshire, huko Uskoti. Kwao walikuwa wakulima. Inasimuliwa kwamba alizaliwa njiti, miezi miwili kabla ya wakati, na maisha yake yote alijihesabu kuwa mtu wa afya hafifu, akajitunza kama yai. Ajabu ni kwamba huyo aliyejiona mdhaifu aliishi miaka 81.

Alisomea udaktari wa mifugo mjini Edinburgh, akafanya kazi kwao kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1867 akavuka bahari kwenda Ayalandi. Kwanza alifungua zahanati ya wanyama katika mji wa Downpatrick akishirikiana na ndugu yake James. Baadaye alihamia Belfast, mji mkubwa wa viwanda na bandari. Mwaka 1871 alimwoa Margaret Stevenson, na wakajaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Tusisahau kwamba siku zile farasi ndiye aliyekuwa lori, ndiye basi na ndiye teksi. Daktari wa farasi katika mji kama Belfast alikuwa mtu wa maana, na Dunlop angeweza kuishi na kufa akiheshimiwa na jirani zake, bila sisi wa Voi kumjua kamwe.

Kilichobadilisha mambo ni mtoto. Mwanawe wa kiume alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Barabara za Belfast nyingi zilikuwa zimetandikwa mawe, na matairi ya wakati ule yalikuwa ya mpira mtupu, magumu kama kisigino cha kiatu. Kuendesha chombo kama hicho juu ya mawe kulikuwa kazi kwelikweli: mifupa inatikisika, meno yanagongana, na nguvu zinaisha mapema. Mtoto alitaka kwenda kwa wepesi na bila kurushwarushwa. Baba wengi tunaowajua wangesema avumilie tu, dunia ndivyo ilivyo. Dunlop alikwenda uani kufikiri.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba 1887. Alichukua mpira mwembamba akaugundisha ukawa mrija, akauzungushia kwenye gurudumu, akaufunika kwa kitambaa ili usipasuke, kisha akaujaza hewa kwa pampu ya mpira wa miguu. Halafu akafanya jaribio ambalo hata sisi tunaweza kulifanya hapo uwanjani. Alichukua gurudumu la baiskeli ya mtoto lenye tairi gumu, akalisukuma libingirike uani. Lilikwenda kidogo, likayumba, likaanguka. Akalisukuma lile lenye hewa. Lilibingirika ua mzima likagonga nguzo ya lango, likaruka nyuma.

Nilimwuliza mwalimu wa Fizikia sababu, naye alinieleza hivi. Tairi gumu likikutana na kokoto, halina pa kujificha. Lazima lipande juu ya kokoto pamoja na baiskeli yote na aliyeipanda, kisha lishuke, na kila kupanda kunakula nguvu za mwendeshaji. Tairi lenye hewa huimeza kokoto. Sehemu ndogo tu ya mpira hubonyea, baiskeli inapita karibu bila habari, na mpira unarudi kama ulivyokuwa. Kwa hiyo Dunlop alikuwa akitafuta starehe ya mwanawe, lakini ndani ya starehe hiyo alikuta mbio.

Uvumbuzi ule ulifika kwa wakati wake. Kabla ya hapo baiskeli zilizotamba ni zile za gurudumu moja kubwa sana mbele na dogo nyuma. Gurudumu kubwa halisikii sana mashimo, lakini mtu akianguka kutoka kule juu huvunja shingo. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alikuwa ametoa baiskeli ya magurudumu mawili yanayolingana, yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo bibi yake Mamba wangu. Ilikuwa salama, ila magurudumu yake madogo yenye matairi magumu yalimtikisa mtu vibaya. Ilihitaji kitu kimoja tu, nacho ni upepo wa Dunlop.

Tarehe 7 Desemba 1888 Dunlop alipewa hataza, yaani haki ya kisheria inayomkataza mtu mwingine kuiga uvumbuzi wako. Lakini karatasi haiendeshi gurudumu. Watu waliyaona matairi yake manene wakayacheka. Basi, wenzangu mlionicheka darasani, jueni kwamba mko katika ukoo mrefu! Tarehe 18 Mei 1889 palifanyika mashindano ya michezo katika chuo cha Queen's mjini Belfast. Akatokea Willie Hume, nahodha wa chama kimoja cha waendesha baiskeli wa mji ule, na baiskeli yenye matairi ya hewa. Kwa mbio za baiskeli alizoingia siku hiyo, zote nne alishinda. Kicheko kikageuka maswali, kila mtu akitaka kujua matairi yale yanauzwa wapi.

Miongoni mwa walioshindwa siku ile walikuwamo vijana wa tajiri mmoja wa Dublin, Harvey du Cros, ambaye pia alikuwa kiongozi wa waendesha baiskeli wa Ayalandi. Baba yule hakununa kwa sababu ya watoto wake kubaki nyuma. Alinusa biashara. Mwaka huo huo wa 1889 kampuni ilianzishwa Dublin ya kutengeneza matairi ya hewa. Dunlop aliwakabidhi hataza yake, akapewa hisa 1,500.

Hapa ndipo hadithi inapogeuka, nami nawaomba msomao msiruke. Mwaka 1890, kampuni ikiwa bado changa, Dunlop alipashwa habari kwamba hataza yake haikuwa na nguvu. Mtu mwingine alikuwa ametangulia, naye ni Mskoti mwenzake, Robert William Thomson. Tarehe 10 Desemba 1845, akiwa kijana wa miaka 23, Thomson alipewa hataza Uingereza ya gurudumu lenye hewa, na baadaye nyingine Ufaransa na Marekani. Aliyafunga magurudumu yake kwenye magari ya kuvutwa na farasi, akayaonyesha watu London, na seti moja ilikwenda maili 1,200. Yalikuwa mazuri, lakini baiskeli zenyewe hazijafika, mpira mwembamba ulikuwa ghali, na farasi hakulalamika. Uvumbuzi ulisahauliwa. Thomson alifariki mwaka 1873, miaka 14 kabla ya lile jaribio la Belfast.

Je, Dunlop alikuwa mwizi? Nimelifikiria swali hili sana. Mimi naona la. Dunlop alianza kwa shida ya mwanawe, na kila ushahidi unaonyesha kwamba alilifikia wazo lile kwa njia yake mwenyewe. Lakini pia si haki kumwita mtu wa kwanza. Thomson alikuwa wa kwanza kulibuni tairi la hewa, na Dunlop ndiye aliyelifanya likatembea duniani. Hata sisi tunapopewa zawadi siku ya wazazi, aghalabu yuko mwenzetu aliyelifanya jambo lile lile mwaka juzi na hakuna aliyemwona.

Kampuni haikufa, kwa kuwa du Cros alikuwa mjanja. Alinunua hataza za watu wengine, hasa za Charles Welch na William Bartlett, ambao mwaka 1890 walivumbua namna za kulishika tairi kwenye rimu bila kuligandisha. Na hapa, wenzangu wenye baiskeli, ndipo palipo na pancha yetu. Tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa limegandishwa kwenye gurudumu kwa gundi na kitambaa. Mwiba ukiingia, ilibidi ubandue kila kitu, utafute tundu, uzibe, ugandishe upya na usubiri likauke. Tairi la Welch lilikuwa na waya kwenye kingo zake, unaoingia ndani ya rimu, na ukitaka unalitoa kwa mkono. Matairi yetu ya leo ni watoto wa lile la Welch. Tunasema Dunlop, lakini tunapokaa kando ya barabara na kulifungua tairi, tunapaswa kumshukuru Welch.

Ufaransa nako habari ilifika kwa njia ya pancha. Mwendesha baiskeli mmoja alifika katika kiwanda cha ndugu wawili Michelin mjini Clermont-Ferrand akiwa na tairi la Dunlop lililotoboka. Kulitengeneza kulichukua saa tatu, likaachwa usiku kucha gundi ikauke, na bado halikushika vizuri. Ndugu Michelin wakatengeneza lao la kufungika na kufunguka. Mwaka 1891 Charles Terront alilitumia akashinda mbio za kutoka Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200. Mwaka 1895 ndugu hao wakalivisha gari la motokaa matairi ya hewa. Tangu hapo dunia nzima ikaanza kutembea juu ya upepo.

Na Dunlop je? Alijitoa katika kampuni kabla haijafikia utajiri wake mkubwa. Mwaka 1896 kampuni iliuzwa kwa pauni milioni tatu, na mnunuzi wake akaiuza tena kwa umma kwa pauni milioni tano. Yule aliyejaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu hakuwa na sehemu kubwa katika mamilioni hayo. Aliendelea kuishi Dublin maisha ya kawaida, akiwa na hisa katika biashara ya nguo. Jina lake likawa mali ya wengine, likaandikwa kwenye matairi ambayo hakuyatengeneza. Wahenga walisema mchumia juani hula kivulini, lakini mara nyingine anayekula kivulini siye aliyechuma.

Wako pia waliochuma juani na hawakula kabisa. Mpira wa matairi ulitoka wapi? Watu wa Ulaya na Marekani walipoanza kununua baiskeli kwa maelfu, mpira ukatafutwa kila pembe ya dunia, na penye mpira mwingi wa mwituni palikuwa Kongo. Nchi hiyo kuanzia mwaka 1885 ilikuwa kama shamba la mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Wanakijiji walipangiwa kiasi cha utomvu wa kuleta kutoka msituni. Waliopungukiwa wake zao walishikwa mateka, wengine walichapwa viboko, waliuawa au walikatwa mikono. Mwaka 1904 balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, ambaye mwenyewe alizaliwa Dublin, alitoa taarifa iliyoyaanika mambo hayo, na mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa nchi ile. Sisemi kwamba Dunlop alimkata mtu mkono. Mtu aliyetaka mwanawe asirushwerushwe hakujua wazo lake litafika wapi. Nasema tu kwamba maisha yake hayawezi kuandikwa na mwanafunzi wa Kiafrika bila kuwataja watu hao, ambao hata majina yao hatunayo ya kuandika katika jarida.

John Boyd Dunlop alifariki ghafla mjini Dublin tarehe 23 Oktoba 1921 baada ya kupatwa na baridi, akazikwa huko huko. Binti yake alihakikisha kumbukumbu alizoziandika baba yake kuhusu historia ya tairi zimechapishwa baada ya kifo chake. Na benki moja ya Ireland ya Kaskazini imewahi kuiweka sura yake, ndevu tele, kwenye noti ya pauni 10.

Basi nilirudi kwa fundi nikiwa na kichwa kilichojaa. Sasa nilielewa kicheko chake. Tairi lisilopata pancha kamwe lipo, lakini ni lile lile lililomliza mtoto wa Dunlop. Pancha ndiyo bei tunayolipa kwa ulaini wa upepo. Kilichobaki ni kuipunguza hiyo bei. Babu alinifundisha mambo, nami nayapitisha kwenu bure.

Kwanza, soma ubavu wa tairi kabla ya kutoa pesa. Baiskeli kama yangu huvaa tairi la 28 mara 1½, na matairi mengine yameandikwa kwa milimita, 40-635. Namba ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Yako matairi mengine yanayoitwa 28 lakini kipimo chake ni 622. Hayo hayaingii kwenye rimu yangu hata ukivuta kwa meno. Usiamini neno la muuzaji, amini namba.

Pili, bonyeza mpira wa katikati, pale panapokanyaga ardhi. Lile tairi langu la bei ya chini lilikuwa jembamba hivi kwamba nilihisi kidole changu upande wa pili. Tairi la kwenda shule kila siku kwenye miiba linataka mpira mnene hapo, na yapo ambayo chini ya mpira wa juu yana tabaka la ziada la kuzuia mwiba, la mpira mzito au la nyuzi ngumu. Ni mazito zaidi kuendesha na ni ghali zaidi. Mwenda mbio huyakimbia. Mwenda mtihani huyapenda.

Tatu, likunje tairi kidogo ubavuni. Ukiona mipasuko midogo midogo, limekaa juani au dukani muda mrefu, mpira umechoka hata kama halijawahi kukanyaga barabara.

Nne, jaza upepo kufuatana na ilivyoandikwa ubavuni. Tairi legevu likigonga jiwe, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu ikatoboka matundu mawili sambamba kama jino la nyoka. Wengi wetu tunailaumu miiba kwa kosa la pampu. Tena angalia utepe unaofunika vichwa vya spoki ndani ya rimu. Ukihama, spoki zenyewe zitakutoboa kutoka ndani, na hapo ndipo utajua maana ya kikulacho ki nguoni mwako.

Tano, na hili liliniuma. Babu aliuliza kama siku ile ya mtihani, baada ya kutoa tyubu, nilipapasa ndani ya tairi kwa vidole. Sikupapasa. Alilichukua tairi langu bovu, akapitisha kidole polepole, akasimama mahali pamoja, akachomoa mwiba wa mgunga kwa koleo. Ulikuwa umejificha pale pale, ncha yake ikichungulia ndani. Nilikuwa nimeziba tundu nikamwacha mwizi chumbani. Kwa hiyo pancha ya kwanza ililetwa na tairi jembamba, lakini ya pili, ile iliyoniharibia mtihani, niliileta mimi mwenyewe.

Tairi zuri lilikuwa na bei maradufu ya lile la kwanza. Sikumwomba baba. Kwa wiki tano kila Jumapili jioni nilisuka nywele za majirani, nikaweka shilingi kwa shilingi, haba na haba hujaza kibaba. Katika wiki hizo nilitembea kwa miguu, nikitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri pamoja na kaka yangu mwenye tochi. Siku fundi alipolifunga tairi jipya kwenye rimu alinifanya nilipapase ndani mwenyewe kabla ya kuingiza tyubu, ingawa lilikuwa limetoka dukani.

Tangu hapo ni muhula mmoja na nusu. Siwezi kudai sijapata pancha, maana ningekuwa mwongo. Nimepata moja, msumari mrefu wa mbao karibu na reli, ambao nadhani ungetoboa hata ndovu. Nilitoa tyubu, nikatafuta tundu, nikaparuza kwa msasa, nikapaka gundi, nikangoja ikauke kidogo, nikabandika kiraka, nikapapasa tairi ndani pande zote. Dakika ishirini na tano. Nilifika shuleni kengele ikilia. Baba hazungumzii tena habari za kuuza, na juzi nilimwona akimweleza jirani kuhusu 40-635 kana kwamba ndiye aliyeivumbua.

Kwa hayo naitua kalamu. Wenzangu wa kutwa mnaofika hapa mkisukuma baiskeli, kila Ijumaa baada ya masomo nipo chini ya mkwaju karibu na lango, na beseni la maji, msasa na gundi. Viraka mje navyo. Kucheka ruhusa.